Kichaka Kilichoshonewa Koti

Fundi hakuwa akiamini kitu mpaka akipime. Kitambaa alikipima mbele ya muuzaji ambaye alikuwa amekwisha kukipima, na kabati alilipima dukani, kisha akarudi nyumbani kuupima mlango, kisha akarudi dukani kulipima kabati mara ya pili. Mimi natengeneza cherehani. Kazi hiyo nilijifunza peke yangu kwa kufungua mashine mbovu na kusoma vitabu vyake, na najiona kuwa mtu mwangalifu. Mbele yake nilikuwa mtu wa kukisia.

Siku ya kwanza nilipoitwa kwake Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, mwaka 2015, kulitazama tatizo la mashine yake ya ovaloki, ile ya kuzungushia uzi pindo zisifumuke, nilimkuta nje amepiga magoti. Alikuwa amezungusha futi kwenye kichaka. Alisoma namba, akaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, akashusha futi kidogo, akasoma tena. Nilisubiri. Alipomaliza alisimama, akajifuta magoti, akaniambia, kama mtu anayetoa habari za jamaa yake, kwamba huyu amenenepa kiunoni tangu mwaka jana na koti la zamani halitamfunga.

Nilidhani ni mzaha, lakini daftari lilikuwa wazi mkononi mwake. Kati ya vipimo vya mama mmoja wa kwaya na vipimo vya bwana harusi palikuwa na mstari wa kichaka: urefu, mabega, kiuno, chini. Hakukuwa na jina, ila tarehe ya kukabidhi nguo ilikuwapo.

Kichaka chenyewe ni kile ambacho kwetu Kigoma tulikipanda kwenye uzio bila kukipa jina, na ng'ambo ya ziwa, Uvira alikotoka yeye, walikipanda vilevile. Kitabu cha bustani nilichoazima maktaba kinakiita akalifa. Majani yake ni mapana kama kiganja cha mtu mzima, na hakuna mawili yanayofanana: jani hili jekundu kama shaba iliyotoka kusuguliwa, lile la kijani lililomwagikiwa waridi, jingine jeusi-jeusi lenye pindo la rangi ya chungwa. Kwetu unavunja kijiti, unakichomeka ardhini wakati wa mvua, unakisahau. Johannesburg si kwetu. Hapa kuna sakitu, ule umande unaoganda juu ya majani alfajiri za Juni na Julai. Kitabu kilisema kichaka hiki huvumilia ubaridi kidogo lakini sakitu hukiunguza. Kitabu hakikusema lolote kuhusu makoti.

Koti lilikuwa la marekani nzito, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ndani blanketi kuukuu, mbele vifungo saba. Ndani yake vilisimama vijiti vinne vilivyochomekwa ardhini ili kitambaa kisiguse jani, kwa sababu jani likigusana na kitu chenye baridi linaungua palepale lilipogusa. Hilo alilijua kwa hasara, na aliisimulia hasara hiyo bila kuona haya. Mwaka wake wa kwanza hapa alikifunika kichaka kwa nailoni, jinsi watu wa kwao wanavyofunika mahindi mvua inapotishia. Asubuhi alifunua akakuta kila jani lililoguswa na nailoni limekuwa jeusi. "Niliogopa mvua," aliniambia. "Mahali pasipo na mvua, miye niko naogopa mvua." Tangu hapo alikipima.

Koti lilikuwa na ratiba. Saa nne asubuhi, jua likishapata nguvu, alifungua vifungo vyote saba na kulikunjua pande mbili kama pazia la dirisha. Saa kumi alasiri alifunga, kuanzia chini kwenda juu. Sikuwahi kumkuta amechelewa. Niliwahi kupigilia kipimajoto ukutani, nikamweleza jinsi ya kukisoma, kwamba tujue usiku upi utakuwa wa hatari. Alinishukuru. Baadaye niligundua anakitumia kutundikia mkasi. Yeye alisikiliza mabati. Alisema mabati ya gereji alimoshonea yakianza kulia kabla ya saa mbili usiku, maana yake chuma kinajikunja haraka, na asubuhi patakuwa na weupe chini. Niliandika siku arobaini, ubashiri wa mabati yake na wa kipimajoto changu. Mabati yalikosea mara mbili. Kipimajoto, nilichokuwa nimekipigilia karibu mno na bomba la maji ya moto, kilikosea mara tisa.

Watu waliopita walikuwa na maneno yao. Kichaka kilichofungwa vifungo kando ya geti kilifanana na mtu mfupi mnene anayesubiri jambo. Mkongomani mmoja, mlinzi anayefanya kazi Sandton, alipita kila jioni akiharakia zamu yake na hakushindwa kusema kitu.

"Mama Fundi, mzee bado hajafunguliwa mlango?"

"Huyu hakunywa jana," alijibu bila kuinua macho kwenye mashine. "Wewe ulifunguliwa saa ngapi?"

Hakuwa mkali wa sauti. Ukali wake ulikuwa katika tarehe. Mteja akiambiwa Alhamisi, nguo ilikuwa tayari Alhamisi, ikiwa imepigwa pasi, na ambaye hakuipata Alhamisi basi alikuwa hakuja. Lakini upande wa pili ulikuwa mgumu vilevile. Mama mmoja wa Kikenya, mfanyakazi wa benki, alifika na gari lake Jumatano kwa kuwa alikuwa amepita karibu. Nguo ilikuwa imetundikwa, tayari, anaiona. Fundi alimwambia kwa upole kwamba walisema Alhamisi. Yule mama alicheka, akadhani atapewa. Aliondoka mikono mitupu, na Alhamisi alirudi. Alibaki kuwa mteja wake miaka yote. "Siku ni siku," Fundi alisema, na kwake hilo lilitosha kuwa maelezo.

Vipande vya kitambaa vilivyobaki alivirudisha kwa mwenyewe, hata kile kisichozidi upana wa vidole vitatu, ndani ya mfuko mdogo. Wateja walivitupa wakifika barabarani. Mafundi wenzake walimwona mpumbavu, kwani fundi yeyote huvaa masalia ya wateja wake. Marekani ya lile koti aliinunua dukani kwa urefu kamili. Na mwanamke huyu huyu asiyekubali kuchukua kipande cha mtu hakumruhusu mtu kuchukua jani lake. Wanawake wa kanisani waliomba matawi machache ya kupamba madhabahu sikukuu moja, akawaambia wanunue maua. Kanisani alikuwa mkaribishaji mlangoni, hakukosa Jumapili, lakini kichaka hakukiombea. Niliwahi kumuuliza sababu. Alisema Mungu ana mambo ya watu, na huyu ana koti.

Ili niseme yaliyofuata ni lazima nieleze mahali. Fundi alipanga gereji ya nyumba ya mzee mmoja wa Kireno, na ndani ya gereji hiyo alikuwa na mashine tatu, meza ya kukatia na kioo. Mbele ya gereji palikuwa na kiwanja kidogo cha udongo, na ndani yake kichaka. Hakuwa na bango. Kibali cha bango mtaa ule ni safari ndefu, na makaratasi yake yeye mwenyewe ya kuishi nchini yalikuwa ya kusubiri kila mwaka. Wateja walielekezwa hivi: pita robot ya pili, yaani taa za barabarani, shika kushoto, nyumba yenye majani mekundu. Wakongomani wa Yeoville, Waburundi, hata Wazulu wa mtaa wa chini, wote walifika kwa majani hayo. Majira ya baridi waliambiwa watafute koti.

Mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya. Lakini gereji yake ilikuwa na mashine za cherehani, na gari lake dogo jeupe lililala barabarani, na mara ya kwanza lilipovunjwa kioo, mwaka 2017, alikuja kumwambia Fundi kwamba anataka kumwaga zege kwenye kile kiwanja ili liingie ndani ya geti. Nilikuwapo, nikibadilisha sindano ya mashine. Walizungumza Kiingereza chao kila mmoja. Mzee alisema mti huo haukuumbiwa jiji hili na utakufa wenyewe siku moja. Fundi alifikiri, akanyoosha mkono.

"Siku atakapokufa, kiwanja ni chako. Kabla ya hapo, hapana."

Walishikana mikono. Mzee alicheka njiani akirudi ndani. Fundi hakucheka, na mimi nilijua kwamba tangu saa ile kila majira ya baridi yangekuwa mtihani, na mteja atakayekosa majani mekundu atapotea.

Mwaka 2018, mwezi Juni, alikuwa na harusi mkononi. Binti msusi wa nywele, yatima, hana ndugu hapa ila wasusi wenzake, alikuwa anaolewa Jumamosi. Jumatano ile Fundi alitandaza gauni na kugundua kwamba marekani ya kushonea sketi ya ndani haitoshi. Kosa halikuwa lake. Binti alikuwa ameuziwa pungufu, akaona aibu kusema. Duka la kitambaa tulilolitegemea lilikuwa limeishiwa, na jingine lilitaka wasubiri wiki.

Nilifika Alhamisi kumletea mkanda wa mashine. Kichaka kilikuwa kimesimama wazi, vijiti vinne na majani tu. Ndani, koti lilikuwa mezani limefumuliwa, blanketi huku, vifungo saba ndani ya kikombe. Marekani yake alikuwa ameichemsha, ameianika, anaipiga pasi. Nilimwambia wiki hii bado ni ya hatari. Alisema anajua. Nilimwambia gauni linaweza kushonwa bila sketi ya ndani, nani ataona? Alisimamisha pasi.

"Yeye atajua," alisema. "Na Jumamosi ni Jumamosi."

Jioni hiyo alikifunga kichaka kwa lile blanketi peke yake, akalibana kwa pini. Lilikuwa kuukuu, limejaa matundu, na bila marekani ya kulibeba lililegea na kulala juu ya majani. Mabati yalianza kulia saa moja.

Binti aliolewa, na sketi yake ilisimama vizuri. Kichaka kilikuwa cheusi kuanzia juu hadi chini. Majani yalining'inia kama mboga iliyopikwa ikasahauliwa, baada ya wiki yakadondoka, na ukabaki mkusanyiko wa fito. Fundi alishona koti jipya, akazivalisha fito.

Agosti gari la mzee lilivunjwa kioo mara ya pili. Alikuja asubuhi akiwa amevimba kwa hasira, akaonyesha zile fito, akasema mti umekufa na ahadi ni ahadi, atamwita mtu wa zege wiki ijayo. Nilimtazama Fundi. Alimwambia polepole kwamba mimea ya namna hii ikiungua haikatwi wala haihukumiwi kabla ya joto kurudi, na kwamba yeye anaomba mpaka siku ya mwisho ya Oktoba. Mzee aligeuka kwangu. Alijua nina vitabu. Niliweza kuthibitisha, kwa kuwa nilikuwa nimelisoma hilo, kwamba ndivyo wanavyoshauri: acha matawi yaliyoungua, subiri machipukizi. Mzee akakubali Oktoba.

Tangu hapo kila Jumapili alasiri nilikwenda kukichunguza. Ukikwaruza gome kwa ukucha, mti ulio hai huonyesha kijani, uliokufa huonyesha kahawia. Nilianzia ncha, nikashuka kipimo cha kidole kila mara, nikaandika. Kahawia. Wiki iliyofuata chini zaidi, kahawia. Fundi alinitazama kutoka mlangoni bila kunizuia, ila nilipotaka kufukua udongo nione shina chini ya ardhi.

"Hapo hapana, Papa Mashini," alisema. "Usimvue nguo mbele ya barabara."

Nilicheka, nikaacha. Yeye aliendelea kumwagilia maji kila baada ya siku nne na kulegeza udongo kwa uma wa kulia chakula. Katikati ya Septemba mzee alinikuta nimechuchumaa, akaniuliza moja kwa moja: uko hai au hauko hai? Nilimwambia ukweli. Juu umekufa. Chini sijui. Alikuna kichwa, akaenda zake.

Siku ya mwisho ya Oktoba mafundi wawili wa zege walifika na mchanga na toroli. Hapakuwa na chipukizi hata moja. Nilikuwa nimekuja na kitabu, ukurasa nimeukunja, tayari kumwomba mzee wiki tatu zaidi, kwani kitabu kinasema mimea mingine hungoja hadi Novemba. Fundi aliona ninachotaka kufanya, akaniambia nikiweke. Alisema miaka yote anawaambia watu siku ni siku, leo atamwambiaje mzee huyu kwamba siku si siku?

Kisha aliingia gerejini, akatoka na furushi la karatasi za kaki, zile anazokatia pateni za nguo. Alilikunjua chini, mbele ya geti, akaligandamiza kwa pasi mbili kuukuu na matofali. Liliendelea kukunjuka. Lilikuwa gari. Lilikuwa gari la mzee kwa ukubwa wake kamili, limebandikwa karatasi kwa karatasi, magurudumu yamechorwa kwa chaki, vioo vya pembeni vimejitokeza kama masikio, na kila upande milango miwili ya karatasi iliyofunguka, akaifungua. Alikuwa amelipima lilipokuwa barabarani, mzee akiwa kanisani.

Mafundi wa zege waliacha toroli. Mmoja alizunguka lile gari kwa miguu, kwa heshima, bila kulikanyaga.

Fundi alilisogeza mpaka ubavu wake mmoja ukakaa kando ya ukuta wa nyumba, akaacha nafasi ya mtu kushuka, akachora mstari wa chaki kuanzia geti hadi mlango wa gereji. Upande wa pili wa mstari ukabaki ukanda wa udongo, upana wa hatua moja na nusu, na zile fito zilikuwa ndani yake.

"Kiwanja ni chako, kama nilivyosema," alimwambia mzee. "Ukitaka kumwaga chote, mwaga chote. Miye nimekukatia tu. Gari linaenea?"

Mzee aliingia ndani ya gari la karatasi. Alisimama mahali pa dereva, akanyoosha mkono upande wa mlango uliofunguka, akatazama nafasi. Alikuwa mtu mzima wa miaka sabini na kitu, amesimama juu ya kaki na viatu vyake vya ngozi, na hakuna aliyecheka. "Eish," alisema hatimaye. Akawaambia mafundi wasivuke chaki.

Nimetengeneza mashine kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika muda huo nimeona mikono mingi mizuri. Sijawahi kuona mtu akikubali kushindwa kwa usahihi namna ile. Nilirudi nyumbani nikakaa na daftari langu, nikashindwa kuandika ile siku chini ya kichwa gani.

Baada ya hapo nilipata kazi ya kiwanda upande wa Randburg, na sikurudi Rosettenville mpaka Februari 2019. Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa ndani, mlango wa dereva ukiwa na nafasi yake. Ukanda wa udongo ulikuwa mtupu. Fito hazikuwapo. Udongo ulikuwa mweusi, laini, umelimwa upya. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti kando yake, anafumua zipu, na nilipompa pole kwa kichaka, kwamba tulisubiri vile na bado hakikurudi, alinitazama kama mtu aliyeletewa habari ya zamani.

"Alikufa Juni," alisema. "Agosti nilifukua kwa mkono, asubuhi, kabla mzee hajaamka. Mizizi ilikuwa inanuka."

Nilikaa juu ya tofali. Nilihesabu kichwani zile Jumapili, kumi na moja. Nilimuuliza kwa nini alimwagilia maji mti anaojua umekufa.

"Nilimwagilia udongo. Ukikauka unakuwa kama sakafu, na sakafu watu wanaimwagia zege bila kufikiri." Alikata uzi kwa meno. "Agosti mzee alikuwa na hasira, na miye nilikuwa bado sijalikata gari la karatasi. Zege likishamwagwa halifumuliki. Nilihitaji siku."

"Na ahadi? Ulisema siku atakapokufa."

Zipu ilitoka yote, akaiweka gotini na kuinyoosha. Alisema hilo limemkaa rohoni. Alisema hakumwambia mzee kwamba kichaka kiko hai, hata mara moja, lakini anajua kwamba kutosema nako kuna uzito wake, na kwamba Desemba alikwenda kumwambia mzee yote. Mzee alikasirika siku mbili. Siku ya tatu alimletea suruali ya kupunguza.

"Lakini mimi ungeniambia," nilisema. Nilisikia sauti yangu imekuwa ya mtoto aliyeachwa nyuma. "Nimekwaruza fito zilizokufa miezi mitatu. Nilikuwa naandika."

"Mzee alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ulimjibu nini?"

"Kwamba chini sijui."

"Na ilikuwa kweli?"

"Ilikuwa kweli."

"Bon," alisema. "Ungejua, ungesema. Wewe hauwezi kukaa na jambo la kweli mdomoni, nimekuona. Sikutaka nikufundishe ujanja huu wa wazee."

Aliinuka. Mama mmoja wa Kireno mtaa wa nyuma, alisema, ana akalifa ukutani upande wa jua, na amekubali kumkatia vijiti vitatu, leo saa tisa. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Alinipa ndoo yenye kitambaa kilicholoweshwa maji, akafunga gereji, akavuta kufuli mara mbili kuhakikisha. Tulipita kando ya gari. Mimi nilibeba ndoo kwa mikono miwili, nikahesabu hatua, nikajitahidi kwenda sawa naye.